Ukaguzi wa Kinga ya Moto Katika Nyumba za Ghorofa Jijini Mbeya: Tathmini ya Huduma Tuliyoilipia

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa na askari mstaafu wa zimamoto anayeishi jijini Mbeya, ambaye wapangaji wa jengo letu lililopo eneo la Forest walimwita Afande tangu alipoingia getini, nami nitaendelea kumwita hivyo. Kwa malipo ya shilingi 360,000, ambazo nyumba zote kumi na mbili za jengo ziligawana sawasawa, yeye hulikagua jengo kuanzia barabarani hadi darini, huwafundisha wakazi kwa saa chache, kisha huandika taarifa yenye michoro ya mkono inayoonyesha kila kasoro mahali ilipo. Hauzi mtungi wala king'ora, wala hamwelekezi mtu kwenye duka fulani, na katika biashara hii jambo hilo ni adimu kiasi kwamba nimeona vema nilitaje mapema.

Tulimwalika baada ya kuchoshwa na huduma ya aina nyingine. Muuzaji mmoja wa vifaa, ambaye hana haja ya kutajwa, alikuwa ametuuzia mitungi ya unga mkavu ya kilo sita, akaitundika kwenye kuta za ngazi, akapiga picha na kuondoka bila kuuliza jengo lina njia ngapi za kutokea wala ni akina nani wanaobaki ndani mchana. Nasi tuliridhika kwa muda mrefu, kwa kuwa wakazi wengi wa Mbeya huuhesabu moto kuwa janga la sokoni. Waliouona moto wa Soko la Mwanjelwa mwaka 2006, na ule wa soko la SIDO mwaka 2017, wanakumbuka mbao, mabati na mitumba. Ghorofa ya zege na tofali huonekana salama kwa sababu tu zege haliungui. Afande alitumia sehemu kubwa ya asubuhi kuichambua imani hiyo, na ninachokisifu zaidi ni kwamba hakuifuta yote. Alitenganisha kilicho kweli ndani yake na kisicho kweli.

Hakuanzia ndani. Alituomba tusimame naye barabarani, kisha akalizunguka jengo lote kabla ya kugusa mlango wowote, kwa sababu ndivyo kiongozi wa kikosi anavyopaswa kufanya hata pale moto unapowaka na watu wanapopiga kelele: azione pande zote nne, ajue moshi unatokea wapi, una rangi gani na unasukumwa kwa nguvu kiasi gani, ndipo aamue mpira wa maji uingilie upande upi. Katika mji uliojengwa kwenye miteremko kama huu, mzunguko huo una uzito wa pekee. Jengo letu likitazamwa kutoka barabarani lina sakafu tatu. Likitazamwa kutoka nyuma, upande wa bondeni, lina nne, kwa kuwa mjenzi aliutumia mteremko kupata stoo na chumba cha mlinzi chini ya sakafu ya mbele. Askari atakayefika usiku na kuambiwa kwamba moto uko "chini" ataingia kwenye sakafu ya chini aionayo yeye, ilhali moto unawaka chini ya miguu yake, na njia pekee ya kuufikia kutokea hapo itakuwa kushuka ngazi ndogo ambayo joto na moshi vinapandia. Pendekezo lake lilikuwa jepesi hadi likatuaibisha kidogo: kila sakafu iandikwe namba kubwa kwa rangi, mbele na nyuma, na namba hizo hizo ndizo zitumike mtu anapopiga simu.

Alipima pia lango la kuingilia, akatazama waya za umeme zinazovuka juu yake, akauliza gari lenye tangi la maji litasimama wapi magari ya wapangaji yakiwa yameegeshwa. Kwa kanuni za Marekani jengo huanza kuhesabiwa kuwa refu linapokuwa na sakafu ya kuishi iliyo zaidi ya mita 23 kutoka mahali gari la zimamoto linaposimama, na letu halifiki hata nusu ya kimo hicho. Kwa hiyo, kwa nadharia, kila dirisha linafikika kwa ngazi ya kubeba mikononi. Kwa nadharia tu, kwa sababu upande wa bondeni kuna sakafu ya ziada, udongo ni laini, na ukuta wa uzio umeachana na jengo kwa nafasi ambayo mtu mnene hupita kwa ubavu. Ngazi ya kubeba huhitaji nafasi ya kulazwa kwa pembe, na hapo haipo. Kumbe nusu ya wapangaji wamekuwa wakilala upande ambao hakuna ngazi itakayowafikia, na kodi yao ni ile ile.

Ndani, alikaa zaidi kwenye ngazi kuliko mahali pengine popote. Jengo lina ngazi moja tu kwa nyumba zote, na chini yake tulikuwa tumehifadhi magunia ya mkaa, magunia ya mpunga kutoka Kyela, magodoro ya mtu aliyehama, na pikipiki mbili. Hakutukaripia. Alitueleza tu kwamba pikipiki ina petroli, matairi na sponji ya kiti, na kwamba vitu hivyo vikiungua hutoa moshi mweusi mzito utakaoijaza ngazi nzima kabla mtu wa juu hajamaliza kutafuta viatu. Katika moto wa nyumba, watu wengi huuawa na moshi, wala miali haijawafikia. Ngazi iliyo wazi kuanzia chini hadi juu hufanya kazi ya bomba la jiko: hewa ya moto hupanda, huvuta hewa mpya kutoka mlangoni, na moto hunenepa.

Kisha akatazama juu, akauliza swali ambalo mtu wa Dar es Salaam asingekuwa na sababu ya kuliuliza. Ukuta wa ngazi yetu ulijengwa kwa matofali ya matundu ili hewa ipite, lakini kwa baridi ya Juni na Julai wapangaji wa ghorofa ya pili walikuwa wameyaziba matundu yote ya juu kwa plastiki na vipande vya mbao. Kwa kufanya hivyo walikuwa wameziba mahali pekee ambapo moshi ungeweza kutokea. Alishauri matundu ya juu kabisa, yaliyo karibu na dari, yafunguliwe na kubaki wazi mwaka mzima, na yale ya chini ayazibe atakaye. Palizuka ubishi wa adabu kuhusu baridi, na mpaka naandika haya ubishi huo haujaisha, ingawa plastiki imeondolewa.

Sehemu iliyonishawishi kwamba pesa zetu hazikupotea ni maelezo yake kuhusu uhusiano wa ujenzi na mbinu za kuzima moto. Katika miji mingi ya Marekani, alisema, nyumba za kupanga za ghorofa tatu au nne hujengwa kwa fremu ya mbao, sakafu zake zikiwa za mbao na kuta zake zikifunikwa kwa jipsamu. Moto ukiingia ndani ya ukuta au chini ya sakafu husafiri mahali pasipoonekana, na askari hulazimika kupasua kuta na dari kuutafuta. Zipo pia za zamani zenye kuta za nje za matofali na mihimili ya mbao ndani. Kwa majengo ya namna hiyo kuhamisha kila mtu mapema ni jambo la lazima, kwa kuwa jengo lenyewe ni kuni. Letu ni nguzo na mihimili ya zege yenye nondo, sakafu za zege, na kuta za tofali za saruji zilizopigwa plasta pande zote. Sakafu ya zege ya inchi sita iliyomwagwa vizuri, nondo zake zikiwa zimefunikwa kwa kina cha kutosha, huhesabiwa kustahimili moto kwa saa moja au hata mbili. Maana yake ni kwamba nyumba moja ikiungua, jirani wa juu ana muda, mradi mlango wake umefungwa.

Hapo mama mmoja wa ghorofa ya kwanza alimkatiza. "Shikamoo Afande, samahani. Sasa nikijifungia ndani si nitakuwa nimejizika mwenyewe?" Afande akamjibu, "Marahaba mama. Kama moto uko ndani kwako, toka, na mlango uufunge nyuma yako. Kama uko kwa jirani na ngazi ni nyeupe, toka. Kama ngazi imejaa moshi, usiingie humo. Funga mlango, ziba chini kwa shuka lililoloa, piga simu 114, usimame dirishani uonekane." Aliongeza kwamba majaribio ya UL, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa moto na vifaa, yameonyesha kuwa chumba ambacho mlango wake umefungwa kinaweza kubaki na joto lisilozidi nyuzi 40 hivi, wakati upande wa pili wa mlango joto limepita nyuzi 500. Nimehudhuria semina kadhaa za usalama kazini, na sikumbuki iliyonipa jibu ninaloweza kulikumbuka nikiwa nimeshtuka usingizini.

Aliyataja pia yale yanayoivunja nguvu ya zege, na orodha yake haikuwa fupi. Shimo la mabomba linalopita kutoka bafu la chini hadi la juu halikuzibwa katika sakafu yoyote. Fundi alipitisha mabomba ya plastiki akaacha pengo la kupitisha mkono mzima, na plastiki ikiyeyuka moshi utapanda humo hadi nyumba ya mwisho. Katika chumba cha mlinzi plasta ya dari ilikuwa imebanduka na nondo zimechungulia, zimeshika kutu. Chuma hupoteza takriban nusu ya nguvu yake kinapofika karibu nyuzi 550 hadi 600, na ni zege linaloifunika nondo ndilo linaloichelewesha kufika huko. Nondo iliyo uchi haina ulinzi huo. Kwa ukarabati wa namna hiyo fundi wa saruji anatosha, ila mwenye nyumba lazima akubali kwamba ni ukarabati wa usalama, kwani rangi mpya peke yake haitaifunika nondo.

Lakini paa ndilo lililomkunja uso. Alipanda darini kwa ngazi ya fundi umeme, akashuka na vumbi kichwani, akachora kwenye karatasi alichokiona: kenchi za mbao za msonobari, za aina inayovunwa Sao Hill kule Mufindi, zikitoka ukuta wa mwisho wa jengo hadi ukuta wa mwisho mwingine bila ukuta wowote wa kuzitenganisha. Kuta zinazotenga nyumba na nyumba zinaishia kwenye siling bodi. Juu yake ni uwazi mmoja mrefu wenye mbao kavu, waya na joto la bati. Kwa hiyo zege linalomlinda mpangaji wa ghorofa ya kwanza halimlindi yule wa ghorofa ya pili; moto ukitoboa siling ya nyumba moja ya juu, au ukilamba kutoka dirishani hadi kwenye mbao za ukingo wa paa, utasambaa juu ya vichwa vya wapangaji wote wanne wa ghorofa hiyo. Ndivyo majengo mengi ya kupanga ya Marekani yanavyopoteza paa zima, hata yale yenye mfumo wa kunyunyizia maji, kwa sababu kanuni inayotumika kwa makazi yasiyozidi ghorofa nne kwa kawaida hailazimishi mfumo huo uwekwe ndani ya dari. Askari nao hawatakiwi kusimama juu au chini ya kenchi zinazoungua, kwani maungio yake huachia mapema bila kutoa onyo refu. Dawa yake ni kupandisha kuta za tofali hadi chini ya bati, angalau katikati ya jengo. Mwenye nyumba alipoisoma gharama yake alinyamaza, na bado amenyamaza.

Kuhusu nondo za madirishani alikuwa mkali, na nadhani alikuwa na haki. Kila dirisha la jengo letu, hata la ghorofa ya pili, lina nondo zilizochomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Tunazifunga kwa hofu ya wezi, na usiku tunalifunga geti la chini kwa kufuli ambalo funguo zake zilikuwa mbili tu, moja ya mlinzi na nyingine ya mwenye nyumba anayeishi Iringa. Ushauri wa kusimama dirishani ukisubiri ngazi unakosa maana kama dirisha halifunguki. Taarifa yake inapendekeza kila nyumba iwe na angalau dirisha moja la chumba cha kulala lenye nondo za bawaba, zinazofunguka kutoka ndani bila ufunguo, na geti liwe na komeo la ndani. Wapangaji watano wameshamwita fundi wa kuchomelea. Wengine wanasema watafanya mwakani.

Alieleza kwa kifupi kwa nini watu wa nje wasivunje vioo kwa nia njema. Majaribio yaliyofanyika mwaka 2012 katika Governors Island, New York, na zimamoto wa jiji hilo pamoja na watafiti, yalithibitisha kwamba moto wa kisasa, unaolishwa na sponji na plastiki za samani, mara nyingi huishiwa hewa ndani ya chumba. Kufungua mlango au dirisha kabla maji hayajawa tayari huupa hewa, na chumba kizima huweza kushika moto kwa mara moja. Pia yaliondoa hofu ya zamani kwamba maji yakipigwa kutoka nje yatausukuma moto kwa watu walio ndani. Sikutarajia kusikia jambo hilo likizungumzwa uani kwetu huku watoto wakikimbizana kati ya kamba za nguo, lakini lilielezwa kwa namna ambayo hata mlinzi alilirudia vizuri alipoulizwa.

Mafunzo ya vitendo yalikuwa ya kawaida. Vuta pini, elekeza chini kwenye shina la moto, bana, fagia kulia na kushoto. Mtungi wa kilo sita huisha kwa sekunde zisizofika nusu dakika, kwa hiyo ni kwa ajili ya moto mdogo ukiwa na mlango mgongoni mwako. Kwenye gesi alikuwa makini zaidi: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na kufungua dirisha la juu pekee hakuiondoi, usiwashe wala kuzima taa ukiisikia harufu. Aliwaonya pia wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na haihitaji moto kuua.

Huduma ina upungufu. Mafunzo yalipangwa Jumamosi asubuhi, siku ambayo majirani wetu Wasabato wako ibadani, na wadada wa kazi, ambao ndio wanaobaki na watoto mchana, hawakuitwa hadi tulipoomba wenyewe. Taarifa ilichelewa kuliko alivyoahidi. Ukaguzi wa umeme ni wa macho tu. Hana vifaa vya kupima waya, na alikiri hivyo, kwa hiyo jengo lenye waya za zamani litahitaji fundi umeme mwenye leseni kwa gharama nyingine. Hakuzungumzia ving'ora vya moshi vya betri kwa kina nilichotaka, ingawa kwa ngazi kama yetu kimoja katika kila sakafu kingekuwa na faida kubwa kuliko mtungi wa pili.

Ieleweke pia kwamba taarifa yake haina nguvu ya kisheria. Ukaguzi na cheti vinavyotambuliwa ni vya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa mujibu wa Sheria ya Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427, na Afande mwenyewe aliandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza. Sisi tuliitumia kujiandaa kabla ya ukaguzi huo, na kwa matumizi hayo naipendekeza kwa yeyote anayesimamia jengo la ghorofa mbili hadi nne katika jiji hili, hasa lililo kwenye mteremko na lenye ngazi moja. Mwenye nyumba ya chini ya familia moja hatapata thamani ya bei hiyo. Atakayemwita amwombe aje jioni, wakati geti limefungwa na magari yameegeshwa, kwa sababu hali ya jengo ya saa hizo ndiyo askari wataikuta.